Tulihakiki kidato cha nne, wodi tukaiacha

Tarehe 28 Aprili 2017, katika ukumbi wa Chimwaga pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na vyeti vingine 1,538 vilikuwa vinatumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Wenye vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, wa sekta ya afya wakiwemo. Zahanati ya kijijini yenye watumishi wawili au watatu ikipoteza mmoja, pengo linaonekana siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja la zoezi lile ambalo halikujadiliwa vya kutosha. Vilivyohakikiwa vilikuwa vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na vya ualimu. Kumbukumbu zilikuwa mikononi mwa Baraza la Mitihani, NECTA, na ndiko ulinganisho ulikofanyika. Cheti cha uuguzi chenyewe hakikuwekwa mezani. Aliyesoma chuo miaka mitatu, akafaulu, akasajiliwa, lakini aliingia chuoni kwa cheti cha shule cha dada yake, aliondoka. Kama kulikuwa na mwenye kidato cha nne safi kabisa lakini ameibabaisha diploma ya uuguzi, huyo alipita bila kuguswa.

Sisemi kwamba yule wa kwanza alionewa. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile tumezoea kuuona uongo wa vyeti kama kosa la kiutumishi: mtu amemdanganya mwajiri, amekula mshahara usio wake, aondoke, akishtakiwa ashtakiwe chini ya Kanuni ya Adhabu, ambako adhabu ya jumla ya kughushi inafika kifungo cha miaka 7. Yote hayo ni sawa. Lakini mgonjwa hayumo kwenye hesabu hiyo, na kwenye kazi ya uuguzi mimi naona ndiye angetangulizwa.

Chukua zahanati ya kijiji huko Chemba, usiku, mvua za Januari zimekolea. Mjamzito analetwa kwa pikipiki, amepata degedege la kifafa cha mimba. Gari la wagonjwa limeitwa lakini korongo limejaa. Dawa ipo kabatini: magnesiamu salfeti, kichupa cha mililita 10 chenye gramu 5 ndani yake, yaani asilimia 50. Dozi ya kuanzia ni gramu 14. Gramu 4 za kwanza zinapita kwenye mshipa, ila haziwezi kupita zikiwa na ukali ule wa kwenye kichupa. Muuguzi anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20, kisha anazisukuma taratibu, si chini ya dakika 5. Gramu 10 zilizobaki anazigawa, 5 kila kalio, ndani kabisa ya msuli. Zikipita saa 4, kabla ya kugusa dozi nyingine, anahesabu pumzi za mama, zisipungue 16 kwa dakika. Anagonga goti kuona kama mguu unaitikia. Anapima mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, dawa imeanza kuzidi. Pumzi zikikatika, inatakiwa kalsiamu glukoneti gramu 1 na mtu wa kumpumulisha mama, hapo hapo.

Hesabu ya mililita 8 kwa 12 mtu anaweza kuikariri kwenye daftari akiwa amelala kitandani. Kinachofundishwa wodini ni kuifanya hesabu hiyo huku mgonjwa anatikisika, ndugu wanalia mlangoni na mkono wako mwenyewe unatetemeka, mkufunzi amesimama nyuma yako. Ndiyo maana chuo kinamtuma mwanafunzi wodini, ndiyo maana kuna logibuku, daftari la mafunzo ya vitendo, inayosainiwa: umeshuhudia uzazi mara ngapi, umezalisha mara ngapi ukisimamiwa, umeweka mpira wa mkojo, umekabidhi zamu. Cheti ni kauli ya chuo kwamba mambo hayo yalifanyika, na kwamba kuna aliyekuwepo akaona. Anayedanganya cheti cha uuguzi anadanganya kuhusu saa hizo. Mama wa Chemba hana namna ya kuligundua hilo kwa kumtazama mtu usoni, kwa sababu kwake kila aliyevaa nguo nyeupe ni nesi, na mara nyingi anamwita daktari kabisa.

Wengine hunijibu kwamba mtihani wa leseni utawachuja. Kweli, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linaendesha mtihani kabla ya kumpa mtu usajili na leseni, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakataza mtu kufanya kazi hiyo bila leseni. Ni kinga nzuri, lakini haitoshi peke yake, na ushahidi tunao kutoka Marekani. Januari 2023, wapelelezi wa serikali ya shirikisho walitangaza kwamba vyuo vitatu vya uuguzi huko Florida vilihusika na kuuza diploma na nakala za matokeo zaidi ya 7,600 kwa watu ambao hawakupitia mafunzo hayo. Walionunua walitoa dola 10,000 na zaidi. Karibu 2,400 kati yao waliingia kwenye mtihani wa taifa wa leseni, wakafaulu, wengi wakaenda kuajiriwa.

Kisa hicho kinanisumbua kwa sababu ya aina ya watu waliokuwemo. Baadhi yao walikuwa tayari wauguzi wa ngazi ya chini, watu waliofanya kazi wodini kwa miaka, waliochoka kusubiri na kusoma huku wanalea, wakaona njia ya mkato. Hawakuwa matapeli wa kutoka mtaani. Walijua mengi, ndiyo maana walifaulu. Hawakujua yale ya ngazi iliyo juu yao, na karatasi waliyonunua ilikuwa inasema wanayajua.

Nimekiona kitu cha jamii hiyo hapa hapa Dodoma, kwenye steshenari moja ya Nkuhungu, siku za tangazo la ajira za afya. Wakati kama huo steshenari zinajaa: wa kuskani, wa kupunguza ukubwa wa faili, wa kuandikiwa barua, na foleni ya watu wenye bahasha za khaki zilizochakaa pembeni. Binti mmoja alikuwa anajaziwa maombi kwenye mfumo. Ana astashahada, yaani ngazi ya cheti, ya uuguzi na ukunga, anajiendeleza, stashahada, yaani diploma, inaelekea ukingoni.

"Dada, hapa weka stashahada," kijana wa kwenye kompyuta akamwambia. "Si unamaliza mwezi wa nane? Mpaka waje wakuite usaili utakuwa umeshamaliza."

"Sijamaliza lakini, kaka yangu. Semesta moja bado."

"Hawaangalii hicho. Mfumo unataka faili tu. Tupia yale matokeo uliyonayo."

Binti akanyamaza kidogo, akageuka kumtazama mwenzake aliyekuwa naye. Mwenzake akainua mabega. Mwishowe akasema aandikiwe astashahada, kijana akaguna, akafuta, akaandika upya.

Uongo wa vyeti, kwa sehemu kubwa, unafanana na huo. Hauna mashine ya kuchapa mihuri chumbani kwa mtu. Unakuja kwa sauti ya ndugu mwema anayekutakia heri. Weka stashahada, si unamaliza. Andika umejitolea mwaka mzima, nani atahesabu miezi. Leseni imeisha muda? Kata pale juu kwenye fotokopi, tarehe isionekane. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema kila mara kwamba karatasi za matokeo ya muda hazipokelewi badala ya cheti, na kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Watu wanayasoma maneno hayo kwa haraka ile ile wanayosomea masharti ya laini ya simu. Na kishawishi ni kikubwa. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza nafasi 8,070 za kada ya afya kwa nchi nzima, na kila mhitimu unayekutana naye stendi ya Nanenane au kwenye daladala ya Mtumba ana miaka yake ya kusubiri. Naelewa kwa nini mtu anatafuta kila upenyo. Bado tofauti ya astashahada na stashahada katika uuguzi inabadilisha mtu anaachiwa wodi ya namna gani usiku, na nani anategemewa kumsahihisha mwenzake.

Kuna uongo mwingine wa zamani zaidi, ambao kwa familia nyingi za mikoa hii ya kati hauhesabiwi hata kama uongo. Mtoto kafeli darasa la saba, mzazi anamhamishia shule ya kijiji kingine akarudie kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Anafaulu kwa jina hilo, anakwenda sekondari kwa jina hilo, anakuwa muuguzi kwa jina hilo. Nyumbani anaitwa vingine. Wengi wa namna hii waliamuliwa wakiwa na miaka 13 au 14, na mtoto wa umri huo hana sauti mbele ya baba. Namwonea huruma mtu huyo kwa moyo wote. Hata hivyo, alipofika umri wa miaka 25 akiwa na peni mkononi mbele ya fomu ya ajira, aliyesaini alikuwa yeye. Na mwenye jina naye yupo, mahali fulani, pengine anatafuta kazi kwa cheti hicho hicho akiambiwa kuna mwingine.

Tusiwachanganye watu hao na wale ambao majina yao yanatofautiana kwa sababu za kawaida tu: cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha taifa kimeandikwa herufi moja pungufu. Huyo hana hatia yoyote. Anahitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina, na aifuatilie mapema kabla ya tangazo kutoka. Aliyepoteza cheti naye ana njia yake: taarifa ya polisi, tangazo gazetini, maombi NECTA. Njia ni ndefu na ina gharama, lakini ipo. Nimesikia zaidi ya mara moja mtu akishauriwa "achapishiwe kingine" cha kufanana na kile kilichoungua na nyumba. Matokeo ni ya kwake kabisa, alama ni za kwake, na karatasi hiyo ya kuchapishiwa inamgeuza mhalifu bila sababu yoyote.

Vipi kuhusu anayeshusha elimu yake? Huyu yupo pia na anazidi kuongezeka: ana shahada ya uuguzi, amemaliza mwaka wa mafunzo kazini, haoni nafasi ya afisa muuguzi, anaificha shahada na kuomba nafasi ya mwenye stashahada. Mgonjwa hapotezi kitu hapo, pengine anafaidika. Kwa hiyo siuweki uongo huu kwenye kapu moja na ule mwingine. Lakini rejista ya Baraza la Uuguzi itamwonyesha alivyo, na siku atakapotaka kubadilishiwa kada, mwajiri atauliza shahada hii ulisoma lini na nani alikuruhusu. Kosa kubwa hapa ni la soko la ajira linalomfanya mtu aone aibu kwa kusoma sana. Tangazo lingeweza kusema waziwazi kama mwenye elimu ya juu anaruhusiwa kuomba kwa kiwango cha chini na kwa mshahara wa kiwango hicho, na jambo likaisha.

Sasa waajiri. Hapa ndipo ninapokasirika. Tangu Serikali ihamie Dodoma, zahanati na kliniki binafsi zimeota kila upande, Ihumwa, Nala, Nzuguni, Makulu. Nyingi zinafanya kazi nzuri. Nyingine zinaajiri muuguzi kwa maneno ya mdomo: umesoma wapi, unaweza kuweka dripu, anza kesho. Cheti kinaombwa baadaye, leseni haiulizwi kabisa. Na kuna zile ambazo zinajua fika kwamba aliye mbele yao ni mhudumu wa afya, hakusomea uuguzi, wanamvisha sare ya muuguzi kwa sababu mshahara wake ni mdogo na halalamiki. Anaweka dripu kwa kuigiza. Dripu ya lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, inataka matone kama 42 kwa dakika. Yeye anafungua mpaka aone "inashuka vizuri". Kwa kijana mwenye malaria huenda isiwe neno. Kwa mzee mwenye moyo uliochoka, maji yanaishia kwenye mapafu.

Mhudumu huyu hajaandika uongo popote. Uongo ameuandika mwajiri, kwenye ratiba ya zamu, na tukiendelea kumtafuta mwongo upande wa mwombaji tu tutakuwa tunahangaika na nusu ya tatizo. Kila muuguzi aliyesajiliwa ana namba ya usajili, na Baraza la Uuguzi lina ofisi hapa hapa Dodoma. Kuuliza kama namba fulani ni hai, na ya ngazi gani, ni kazi ya barua moja. Ningependa waganga wakuu wa wilaya na timu zao, wanapokagua vituo binafsi, waanze na kitu kimoja: waichukue ratiba ya zamu ya juma lile, wataje jina moja baada ya jingine, wadai leseni ya kila jina. Choo na rangi ya ukuta vifuate baadaye.

Kwa mwombaji mwenye karatasi ndogo lakini ya kweli, nina jambo ambalo naona halikusisitizwa vya kutosha katika sakata la vyeti. Zoezi la 2017 liliwaondoa pia watumishi wa darasa la saba, kwa kuwa waraka wa tarehe 20 Mei 2004 uliweka kidato cha nne kuwa sifa ya chini ya kuingia utumishi wa umma. Aprili 2018 Serikali ikalieleza Bunge kwamba wale walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini. Wakarudi, isipokuwa waliowahi kuwasilisha cheti cha kughushi. Watu wawili wenye elimu ile ile ya darasa la saba, waliofanya kazi kituo kimoja: aliyesema mimi ni wa darasa la saba akarudi na mshahara wake, aliyeleta cheti cha kidato cha nne cha bandia akabaki nyumbani. Waliobaki nyumbani wakaja kurudishiwa michango yao ya hifadhi ya jamii kwa uamuzi wa mwaka 2022, jambo ambalo naliunga mkono, maana fedha ile walikatwa kwenye kazi waliyoifanya. Lakini pensheni hawakupata, na miaka haikurudi.

Kwa hiyo binti mwenye astashahada asione amepungukiwa. Aombe kwa astashahada, akipata aende, akimaliza stashahada apeleke cheti Baraza aandikishwe upya, ndipo amwombe mwajiri ambadilishie kada. Njia hiyo imewapitisha wauguzi wengi wanaoshika wodi leo katika hospitali za General, Mvumi na Kondoa, na ni njia ambayo mtu anaweza kulala usingizi akiwa juu yake. Aliyekwisha kudanganya na yuko kazini kwenye kituo binafsi, hali yake ni ngumu zaidi, nami sina jibu jepesi la kumpa. Ningemwambia aanze na ngazi ambayo mafunzo yake ya kweli yanamruhusu, aiseme kwa msimamizi wake kabla hajaulizwa, na akatae zamu ya usiku ya peke yake. Atashushwa, pengine atafukuzwa. Mwajiri mwenye akili angemshusha na kumbakiza chini ya usimamizi, na ningetamani Baraza na wamiliki wa hospitali binafsi wakae waweke utaratibu wa aina hiyo, wenye muda maalumu, ili watu wajitokeze.

Upande wa usaili, Sekretarieti ya Ajira na hospitali za dini zinaweza kuanza mara moja na kitu kidogo: kila anayeitwa aje na logibuku yake ya chuo pamoja na vyeti, na kwenye meza kuwe na kichupa cha magnesiamu, maji ya sindano na bomba la sindano la mililita 20. Apewe dakika 5. Asimamiwe na muuguzi aliyewahi kuifanya kazi hiyo usiku, na asiulizwe kwanza historia ya uuguzi duniani.